Mbwa mkali si mbwa mlinzi

Ukitembea jioni katika mitaa ya Ndembezi au Kambarage hapa Shinyanga, ukaenda hadi Kahama, kisha ukafika Katoro na Geita mjini, kuna maandishi mawili utakayokutana nayo mara nyingi kuliko majina ya mitaa yenyewe. Ya kwanza husema: "Nyumba hii haiuzwi." Ya pili husema: "Mbwa mkali." Hayo ya kwanza tuwaachie mawakili na wenye mirathi. Wiki hii naomba tuzungumze juu ya hayo ya pili.

Sababu ya watu wetu kupenda mbwa haihitaji tume ya uchunguzi. Penye madini pana fedha, na penye fedha pana wezi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, kisha ukaja mgodi mpya wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya wakubwa hao wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na Mwakitolyo, wenye maduara, makarasha na plenti zao. Mwenye viroba vya mawe ya dhahabu halali. Mnunuzi wa dhahabu halali. Mwenye duka la jumla pale Kahama naye halali. Wote hao hutafuta mtu wa kukesha badala yao, na mara nyingi mtu huyo ana miguu minne na mkia.

Lakini kumpata mbwa ni jambo moja, na kumpata mlinzi ni jambo jingine. Wengi wetu tumeyachanganya mambo haya mawili, na gharama ya kuyachanganya wanaolipa ni watoto wetu.

Hebu tuanze na mbwa wa zamani, yule wa kijijini. Mbwa wa mfugaji wa Kisukuma hakupelekwa shule yoyote. Alizaliwa pembeni mwa zizi, akakua miguuni mwa watoto, akawafuata wachungaji machungani akiwa bado mdogo. Aliwajua ng'ombe, ndama, mbuzi, kuku, wazee na wageni. Akimkimbiza kuku alikemewa siku hiyo hiyo. Alipofikisha mwaka mmoja alijua nani wa nyumba hii, nani jirani, na nani anayenyemelea usiku. Miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na wanavijiji wa Kahama na Shinyanga wakaunda sungusungu, watu walikesha wakisubiri filimbi. Lakini mara nyingi kabla ya filimbi kulia, alikwisha kubweka mbwa.

Sasa mtazame mbwa wetu wa mjini. Ananunuliwa akiwa na miezi miwili, anatiwa kwenye boksi, anafikishwa nyumbani na kufungiwa ndani ya banda la mabati. Hamwoni mtoto, hamwoni mgeni, hajui pikipiki wala baiskeli. Mchana yuko kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa. Chakula chake ni ukoko wa ugali, kama umebaki. Wapo wanaomlisha pilipili ili eti awe mkali. Wapo wanaompiga kila asubuhi bila kosa kwa sababu hiyo hiyo. Wengine huwaambia watoto wamchokoze kwa mti kupitia tundu la banda, wakiamini kwamba hasira ni mafunzo.

Matokeo yake ni nini? Ni mbwa mwenye hofu. Na mbwa mwenye hofu huuma chochote kilicho karibu naye. Siku akikata mnyororo hatamtafuta mwizi. Atamuuma binti anayeleta maziwa, mwanafunzi anayepita, au mtoto wa nyumba hiyo hiyo aliyeinama kuokota mpira. Mwizi mwenyewe anaijua siri hii siku nyingi. Anakuja na kipande cha nyama, kwa kuwa mbwa mwenye njaa hununulika kwa bei ndogo sana.

Linganisha na mbwa wa Jeshi letu la Polisi, wa Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mbwa yule hupita katikati ya kundi la watu akiwa ubavuni mwa askari wake, wala hahangaiki na mtu. Akiambiwa atafute, anatafuta. Akiambiwa aache, anaacha. Thamani yake kubwa iko katika utii, kwa sababu meno kila mbwa anayo.

Utii huo unaanza lini? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wataalamu wa mifugo wanakubaliana nao kabisa. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na umri wa kama wiki mbili. Tangu wiki ya tatu hadi kama wiki ya kumi na mbili au kumi na nne, akili yake iko wazi kama mlango wa duka asubuhi. Kila anachokiona kwa wema katika kipindi hicho, kwake kinakuwa jambo la kawaida la dunia. Kila asichokiona anaweza kukiogopa maisha yake yote. Kwa hiyo asitengwe na mama yake mapema mno. Wiki nane ni umri unaofaa, maana kwa mama na ndugu zake anajifunza somo ambalo sisi hatuwezi kumfundisha vizuri: kwamba ukimng'ata mwenzako kwa nguvu, mchezo unakwisha.

Akishafika kwako, usimfungie. Mbebe, mwonyeshe watu: mzee mwenye mkongojo, mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayekimbia, fundi wa baiskeli, dereva wa bodaboda mwenye kofia ngumu. Asikie karasha likisaga mawe kwa mbali, asikie radio, asikie ngurumo ya mvua. Ila kabla hajamaliza chanjo zake, mwepushe na mbwa wasiojulikana na mahali wanapozurura.

Msikilizaji mmoja huenda anasema: haya ni mambo ya Ulaya. La hasha. Somo kubwa kuliko yote kuhusu kufundisha mnyama limetoka Morogoro. Pale katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya wale wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na huko akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza linalohudumia wanyama. Alikufa mwaka 2022 akiwa mstaafu mwenye heshima zake.

Je, Magawa alifundishwa kwa fimbo? Hapana. Alifundishwa kwa sauti ndogo ya kidude kinachobonyezwa, "tik", ikifuatiwa na kipande cha ndizi au karanga. Akifanya sawasawa, tik, anapewa. Akikosea, hapewi. Basi. Kama panya anaweza kufuzu kwa ndizi na kuokoa roho za watu, mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, atashindwaje?

Kanuni ni ile ile. Mnyama hurudia jambo lililomletea faida, na huacha jambo lisilomletea kitu. Tuzo itolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, maana ukichelewa anadhani unamlipa kwa jambo jingine. Na hapa kwetu tuzo haina gharama. Dagaa wa Mwanza mmoja, mkavu, asiye na chumvi nyingi, ni mshahara mnono kwa mtoto wa mbwa. Kwangu nina jike mmoja mwenye rangi ya udongo, na naweza kushuhudia kwamba kopo la dagaa likitikiswa anaacha shughuli zote za dunia.

Masomo yenyewe ni machache. La kwanza ni jina lake. Litaje kwa furaha, akikutazama, mpe dagaa. Usilitumie jina hilo kumgombeza, asije akaliogopa. La pili ni "njoo". Chuchumaa, mwite, akifika msifu na umpe. Kuna sheria moja hapa isiyovunjwa: mbwa aliyeitwa akaja haadhibiwi kamwe, hata kama dakika moja kabla alikuwa anatafuna kiatu chako cha Jumapili. Ukimwadhibu, umemfundisha kwamba kuitwa ni kukamatwa, na kesho atakukimbia mbele ya majirani.

La tatu ni "kaa". Shika dagaa juu kidogo ya pua yake, upeleke mkono taratibu nyuma ya kichwa chake. Kichwa kikiinuka, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini, sema "kaa", mpe. Usimkandamize mgongo. La nne ni "ngoja": akae, akuone unaweka chakula chini, asikiguse mpaka umruhusu. La tano, na pengine ndilo kubwa, ni "acha". Fumba dagaa mkononi, mwache anuse na alambe ngumi. Akirudi nyuma akatulia, sema "acha", kisha mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Mbwa anayejua "acha" hataokota nyama ya mwizi kwa urahisi, wala hatakunywa maji ya bwawa la plenti ukiwa naye. Na maji yale yenye sayanaidi, ndugu zangu wa Geita mnajua, hayana msamaha kwa mbwa wala kwa ng'ombe.

Kila somo lichukue dakika tano tu, mara tatu au nne kwa siku, kabla hajala na wakati ana hamu. Mtoto wa mbwa ni kama mtoto wa chekechea. Ukimweka darasani saa nzima, atasinzia au atafanya fujo.

Sasa kuna jambo la lugha. Katika nyumba ya jirani yangu mmoja, baba humwita mbwa kwa Kiingereza, kwa kuwa aliwahi kuona sinema. Mama humwita kwa Kisukuma, "nzugu". Watoto humwita kwa mluzi. Mfanyakazi wa nyumbani humwita kwa kupiga sufuria. Mbwa yule husikiliza sufuria peke yake, na wenye nyumba hulalamika kwamba ni mjinga. Mimi namwona ni mwerevu kuliko wote, maana amejua ni lugha ipi isiyosema uongo. Nyumba ikae kikao ikubaliane neno moja kwa kila jambo, liwe la Kiswahili au la Kisukuma, na kila mtu alitumie hilo hilo. Mbwa hana kamusi. Yeye anajua sauti moja na maana moja.

Kuhusu haja, mtoto wa mbwa hawezi kujizuia muda mrefu. Mpeleke nje mahali pale pale kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza. Akijisaidia huko, msifu. Akijisaidia ndani, safisha, usisugue pua yake pale. Zoea hilo la kusugua pua halimfundishi ila kukuogopa na kwenda kujificha nyuma ya kabati. Kuhusu kung'ata vidole, meno yake ya utoto hung'oka kati ya mwezi wa nne na wa saba, na fizi zinamwasha. Mpe kamba nene au kipande cha kitambaa kigumu. Aking'ata mkono, simama, kunja mikono, mchezo umekwisha. Baada ya muda ataelewa.

Na kuhusu kurukia watu, naomba tulitilie maanani kwa sababu ya ujirani. Sisi ni watu wa dini mbalimbali katika mtaa mmoja. Jirani yako Mwislamu anayekwenda kusali, akilambwa au kuchafuliwa na mate ya mbwa, inambidi arudi kujitoharisha. Wahenga walituonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mbwa asiyezoezwa kukaa chini mgeni anapofika ni ugomvi unaotembea. Mfundishe kwamba anayekaa ndiye anayesalimiwa, na anayeruka anageuziwa mgongo.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa huenda mmesema huyu bwana anazungumzia starehe. Sasa nije kwenye kiini chenyewe, nacho ni kifo.

Kichaa cha mbwa bado kipo nchini mwetu. Duniani kote wataalamu wanakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, kama wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hakuna dawa. Mtoto aliyeumwa leo anaweza kucheza mpira wiki kadhaa, hata miezi, akionekana mzima, kisha akaanza kuogopa maji. Hapo hata daktari bingwa hana la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, bila kupaka mafuta, majivu wala pilipili. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, na azimalize awamu zote alizopangiwa, hata kama jeraha ni dogo. Mwenye mbwa asifiche. Atoe taarifa kwa ofisa mifugo, na mbwa asiuawe kiholela bali afungiwe mahali salama na kuchunguzwa na wataalamu. Nyumba nyingine hupatana kimyakimya, mwenye mbwa akatoa fedha kidogo na kuku, na mambo yakaisha. Kuku hazuii kichaa cha mbwa.

Kwa upande wa mbwa, dawa ni chanjo, kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kurudiwa kila mwaka au kadiri ofisa mifugo atakavyoelekeza. Hapa tena hatuhitaji mifano ya mbali. Katika Wilaya ya Serengeti, jirani zetu wa Mara, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 1996 zilipunguza sana ugonjwa huu kwa mbwa, na watu waliofika hospitali kwa kuumwa na mbwa wanaoshukiwa nao wakapungua. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuwapiga risasi mbwa koko, jambo ambalo halmashauri nyingi zimelizoea, hakuleti matokeo hayo. Ukiwaua watano, nafasi yao huchukuliwa na wengine watano ambao nao hawajachanjwa.

Sasa unganisha mambo haya mawili, mafunzo na chanjo, uone yanavyofungamana. Siku ya chanjo ikitangazwa kwa kipaza sauti, ni mbwa gani anayefikishwa pale kwenye mti wa mkutano? Ni yule anayekubali kushikwa, anayejua "njoo" na "kaa", anayetembea na kamba shingoni akiongozwa hata na mtoto wa darasa la tano. Yule mkali, aliyelelewa kwa pilipili na mnyororo, hakuna anayethubutu kumgusa. Mwenyewe humwacha bandani na kusema tutampeleka mwakani. Kwa hiyo mbwa ambaye ana uwezekano mkubwa wa kuuma ndiye huyo huyo asiyechanjwa. Hilo ndilo jambo linalonifanya nizungumze leo kwa sauti hii.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mwenye mbwa anayejeruhi watu kwa uzembe wake anaweza kujikuta mbele ya hakimu. Lakini mimi sipendi tufike huko. Napenda tutumie akili iliyowatosha babu zetu zizini. Hawakumpiga mbwa ili awapende ng'ombe. Walimlea pamoja na ng'ombe.

Kwa hiyo wewe uliyepata fedha kidogo msimu huu pale Nyarugusu au Mwakitolyo, na umeamua kununua mtoto wa mbwa, nakupa mashauri matatu. Kabla ya kununua mnyororo, nunua dagaa wa kopo moja. Kabla ya kumwonyesha kwa rafiki zako, mwonyeshe kwa ofisa mifugo, akupe tarehe ya chanjo na dawa ya minyoo, na tarehe hiyo iandike ukutani. Na kabla ya kumpa kazi ya kulinda mali yako, mpe miezi sita ya kukujua wewe, watoto wako na majirani zako. Mlinzi asiyemjua mwenye nyumba hawezi kumtambua mwizi.